Binti wa kakangu ni mama yetu

Kakangu amepata binti wa kwanza, na nyumbani hakuna aliyeuliza ataitwa nani. Kwetu Wakikuyu jibu lilikuwepo kabla hajazaliwa: msichana wa kwanza hupewa jina la nyanyake mzaa baba, wa pili la nyanyake mzaa mama. Wavulana vivyo hivyo, kwa babu zao. Basi mtoto ni Wanjirũ, kama mama yetu. Sasa kakangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, anamwita kale kachanga "maitũ", yaani mama, na anamaanisha kabisa!

Mama alimpakata wajina wake akaanza kumtajia mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu katika masimulizi yetu; mabinti hao ndio walioanzisha koo zetu: Wanjirũ, Wambũi, Wanjikũ, Nyambura, Wairimũ... Husemwa ni tisa na ziada, maana kuwahesabu watoto kikamilifu ni mwiko. Nilifurahi mno kumsikiliza.

Jina la familia ndilo geni kwetu. Zamani ulikuwa mwana wa fulani, basi. Ukoloni na makaratasi yake ndio uliozoesha wanawake kubeba jina la mume. Profesa Wangari Maathai, baada ya talaka, alitakiwa aliache jina la mumewe, Mathai. Akaongeza "a" moja tu, na kwa jina hilo akapokea Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Namheshimu sana kwa hilo.

Wifi yangu naye anaomba binti wa pili. Mamake anasubiri zamu yake.