Siku moja ya kufukuzana na jua kanisani

Saa kumi na moja alfajiri boda kashapiga honi nje. Leo siwezi kuchelewa manake kazi yenyewe ni kulitazama jua, na jua la Kampala halina ile ya nakuja nakuja. Karakana yangu iko Katwe, ila mwezi huu nashinda kwenye kanisa moja la zamani la matofali, wanataka madirisha mapya ya vioo vya rangi.

Saa moja na nusu jua liko dirisha la mashariki juu ya madhabahu, kioo cheupe kitupu, na ibada ya asubuhi inaendelea. Mchungaji kaniambia, "Fundi, watu wanasema wananisikia tu, wanaona kivuli kinahubiri." Nikakaa benchi la mbele nikaona kweli, macho yanauma. Hapo ndo ugomvi wangu na kamati ulipo, wameniletea picha za makanisa ya Uingereza, vioo vyepesi vyepesi karibu vyeupe. Kule wanautafuta mwanga jamani, sisi tunaukimbia! Tena kwao jua la mchana liko kusini mwaka mzima, hapa ikweta mwezi wa sita liko kaskazini, wa kumi na mbili limehamia kusini, kwa hiyo huwezi kusema ukuta huu ndo wa baridi uweke rangi nyepesi. Mimi nataka buluu nzito na nyekundu nzito pande zote, basi.

Saa nne rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na chai, fasta.

Mpaka saa saba tuko juu ya jukwaa na kijana wangu tunapima. Madirisha ukiyatazama chini yanafanana, ukipanda hakuna hata mawili sawa, moja limezidi mwenzake sentimita 2, kwa hiyo kila moja tunalikatia kadibodi yake na kuandika namba, manake kioo kikishafungwa kwenye fito za madini ya risasi huanzi kukipunguza. Na zile nondo za zamani zote zinatoka, chuma kikila kutu kinavimba mpaka kinapasua tofali, nyufa nimemwonyesha mwenyekiti kwa kidole.

Saa nane kamati. Picha wameshakubaliana, ni wale vijana watatu Wakristo waliouawa Busega tarehe 31 Januari 1885, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Sserwanga, wafia dini wa kwanza kabisa wa Uganda, kabla ya wale wa Namugongo 1886. Mama mmoja mzee, kavaa gomesi ya zambarau, akanikazia macho, "Mwanangu, usije ukatuletea watoto wa Kizungu." Nikamwambia mama hilo ndo linaninyima usingizi. Ukichukua kioo cha kahawia ukasema hii ndo ngozi yetu, kikipanda juu kinameza mwanga, uso unakuwa shimo jeusi, ukichukua cheupe ukapaka rangi sana unapata uso wa matope. Mimi naenda na kioo cha rangi ya asali, halafu macho na pua nachora kwa ile rangi ya unga, tabaka jembamba, kinaingia tanuri nyuzi kama 650 rangi inashikana na kioo, natoa, naongeza tabaka, narudisha tena. Mwenyekiti akauliza kwani hatuwezi kubandika stika. Nikanyamaza, nilikuwa ugenini.

Saa kumi na moja jioni jua limehamia mlango wa magharibi. Nilikuja na vipande vinne vya asali, kimoja kijana kakidondosha (nilisema neno ambalo kanisani halisemwi), vitatu nikavipandisha kimoja kimoja mbele ya mwanga, na yule mama hajaondoka, kakaa pale pale anatazama. Cha kwanza akatikisa kichwa. Cha pili akasema, "Huyu anaumwa." Cha tatu akanyamaza, akasogea, akaweka mkono wake kando ya kioo, akaugeuza huku na huku.

"Hiki," akasema. "Ila cha Yusufu kipunguze kidogo, alikuwa mtoto yule."

Nikakiandika namba kwa chaki, nikamwita boda.