Siku niliyompeleka Kokum Maskwacis

Papa Fransisko alipofika Alberta, Kanada, Julai 2022, kuomba msamaha kwa ajili ya shule za bweni za watoto wa wenyeji asilia zilizoendeshwa na makanisa, nilikuwa nahudumia wazee katika makao fulani mjini Edmonton. Mkuu wa zamu akaniomba nimsindikize bibi mmoja wa Kikri, taifa mojawapo la wenyeji hao, hadi Maskwacis, makazi ya Wakri kusini mwa mji, ambako Papa angehutubu. Sote tulimwita Kokum, kama walivyomwita wajukuu zake. Nilikubali upesi. Mimi ni Mkatoliki wa Kakamega, na kusema kweli nilitaka kumwona Baba Mtakatifu.

Kilichompeleka Kokum ni kaka yake. Garini alinieleza kwa maneno machache kwamba kaka huyo alitangulia shule ya bweni mwaka mmoja kabla yake, akafia hukohuko. Wazazi walipata habari watoto wengine waliporudi kiangazi. Mwili haukuletwa, serikali haikupenda kugharimia usafiri wa maiti za watoto wale, na wengi walizikwa palepale shuleni.

“Alizikwa upande gani?” nikauliza.

“Waulize wao.”

Tulikuta manyunyu na baridi, nikamfunika blanketi miguuni. Vijana wa kujitolea waligawa vifuko vya karatasi vya kutilia tishu za machozi, vikusanywe na kuchomwa kwa sala, machozi yamrudie Muumba. Kokum alikikunja chake akakitia mfukoni pamoja na peremende zake.

Kisha kikapitishwa kitambaa chekundu kirefu ajabu, kimeshikwa na watu pande zote mbili, kimeandikwa majina zaidi ya 4,000 ya watoto waliofia katika shule hizo. Kokum alinibana mkono. “Wewe una macho. Soma.”

Nilisimama, nikachuchumia. Kutoka tulipokuwa niliona mistari myeupe tu.

“Sioni, Kokum.”

“Angalia tena.”

Niliangalia mpaka kikapita. Mbele huko Papa alikibusu.

Alihutubu kwa Kihispania, akaomba msamaha kwa uovu uliotendwa na Wakristo wengi dhidi ya wenyeji asilia. Watu walipiga makofi, wengine wakalia waziwazi. Wilton Littlechild, aliyesoma shule kama hizo na baadaye akawa mmoja wa makamishna watatu wa Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyochunguza shule hizo, alimvisha kilemba cha manyoya. Mimi nilikuwa na donge kooni. Kokum mikono yake ilibaki chini ya blanketi.

“Wakristo wengi,” alisema. “Na aliyewaajiri je?”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona alilenga penyewe.

Jioni nilipitia kwa binamu yangu, nikamsimulia hayo tukiwa mezani. Akacheka kidogo. Hata sisi tumelelewa bweni, akasema, tukachapwa, tukavishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiluhya, mbona hatuombwi msamaha? Wengi wetu huku ughaibuni husema hivyo, na hunikera. Kibao nilikivaa, sibishi. Lakini baba aliuza ng'ombe ili nipate nafasi ile, na kila Desemba nilikuwa nyumbani nikila kuku wa mama. Kanada, mwaka 1920, sheria ilirekebishwa ili watoto wa wenyeji asilia wachukuliwe kwa lazima, na mzazi aliyekataa aliweza kushtakiwa. Duncan Campbell Scott, ofisa mkuu wa idara iliyowasimamia wenyeji hao, alitamka wazi kwamba anataka kuondokana na “tatizo la Wahindi”, jina walilopewa wenyeji asilia enzi hizo. Serikali ililipa, makanisa yakaendesha. Watoto wapatao 150,000 walipitishwa humo, na shule za mwisho zilifungwa miaka ya 1990 tu, wakati mimi tayari nikijua kusoma.

“Si wamelipwa lakini?” akasema binamu.

Wamelipwa, ndiyo. Makubaliano ya 2006 yaliwapa waliosoma humo dola 10,000 kwa mwaka wa kwanza shuleni na 3,000 kwa kila mwaka uliozidi, lakini kwa wale waliokuwa hai bado mwezi Mei 2005. Nikamwuliza hundi ya kaka yake Kokum ilitumwa wapi.