Daftari Zima kwenye Diski Ndogo

Mwaka 2021 nilikuwa naishi Tanga, na laptopu yangu ilikuwa na diski ya gigabaiti 128. Ukitoa mfumo endeshi, picha za familia na mafaili ya kazi, nafasi iliyobaki haikufika hata nusu. Daftari la sarafu ya kidijitali ya Bitcoin, yaani bloku zote (mafungu ya miamala) tangu ile ya kwanza ya Januari 2009, lilikuwa limeshafika takriban gigabaiti 350. Kila niliyemwambia kwamba nataka kuendesha nodi kamili yangu mwenyewe, yaani kompyuta inayolikagua daftari lote yenyewe, alinipa jibu lile lile: nunua diski ya terabaiti moja, au weka waleti, yaani pochi ya sarafu hizo, kwenye simu uachane na mateso.

Waleti ya simu sikuitaka, kwa sababu nyingi huuliza seva ya mtu mwingine salio lako ni ngapi, nawe unapokea jibu bila kujua limetoka wapi. Kilichonivuta kwenye Bitcoin tangu mwanzo si bei. Ni kwamba mtu yeyote anaweza kulikagua daftari lote, muamala kwa muamala, bila kuomba ruhusa. Sasa kama ukaguzi huo unahitaji mashine ambayo mwalimu wa sekondari au muuza duka hawezi kuimudu, ahadi hiyo inabaki kuwa ya wenye mashine.

Juni ya mwaka ule mjadala ulikuwa wa moto nchini. Tarehe 13 Rais Samia Suluhu Hassan, akizindua jengo la Benki Kuu kule Mwanza, aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa kwa sarafu za mtandaoni, ilhali Novemba 2019 benki hiyo hiyo ilishatoa tangazo la kukumbusha kwamba fedha halali nchini ni shilingi tu. Kwenye magrupu ya WhatsApp watu wakawa wanaulizana bei asubuhi na jioni. Nodi hakuna aliyeitaja.

Rafiki yangu mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, alikuwa na faiba nyumbani na kompyuta ya mezani iliyohifadhi daftari zima. Nikampigia. Akasema, "Njoo na laptopu yako. Bando halitakufikisha, ila waya utakufikisha." Nikapanda basi kupitia Segera na Chalinze, jioni nikawa sebuleni kwao.

Nilichokuwa nakwenda kufanya kinaitwa kupogoa. Programu ya Bitcoin Core ilikubali jambo hilo kuanzia toleo la 0.11, Julai 2015. Nodi hupakua bloku zote tangu ya kwanza, huhakiki kila moja, kisha mafaili ya bloku kongwe hufutwa kila yanapovuka kiwango ulichoweka. Kiwango cha chini kabisa ni megabaiti 550. Kinachobaki ni bloku za karibuni, zisizopungua 288, ambazo ni kama za siku mbili, pamoja na orodha ya sarafu zote ambazo bado hazijatumika. Orodha hiyo ndiyo moyo wa nodi. Muamala mpya ukifika, nodi haihitaji kurudi mwaka 2013 kutafuta chochote. Inaangalia kama sarafu inayotumika imo kwenye orodha, inakagua saini, basi. Mwaka ule orodha yenyewe ilikuwa na gigabaiti nne na ushee tu.

Wapo wanaodhani hii ni nodi nusu. Wamekosea. Nodi iliyopogolewa imesoma kila ukurasa, na sheria inazozisimamia ni zile zile za nodi yenye diski kubwa. Satoshi Nakamoto mwenyewe, aliyeibuni Bitcoin, kwenye waraka wake wa Oktoba 2008, alitenga sehemu nzima kuhusu kurejesha nafasi ya diski, akapiga hesabu kwamba vichwa vya bloku (muhtasari wa kila bloku) peke yake, baiti 80 kila dakika kumi, ni megabaiti 4.2 kwa mwaka. Suala la nafasi lilifikiriwa kabla bloku ya kwanza haijachimbwa.

Ila kupogoa hakupunguzi upakuaji. Gigabaiti zile 350 lazima zipite kwenye mashine yako hata kama hazitakaa. Hapo ndipo Tanga iliponishinda, na hapo ndipo Sinza iliponifaa. Rafiki yangu alichomeka waya wa buluu kutoka kwenye ruta hadi kwenye laptopu yangu, nikaielekeza nodi yangu ichote bloku kutoka kwenye kompyuta yake badala ya kuzunguka dunia. Na hili ndilo lililonipendeza kuliko yote: laptopu yangu haikuhitaji kuiamini kompyuta ile kwa lolote. Bloku inakuja na kazi ya uchimbaji, yaani hesabu nzito za kuitunga, iliyofungwa ndani yake. Ukibadilisha herufi moja, heshi yake, yaani alama ya namba inayotokana na yaliyomo, inavunjika. Rafiki angetaka kunidanganya asingeweza.

Kwenye faili la mipangilio niliandika prune=20000, yaani kama gigabaiti 20, badala ya ile 550 ya chini kabisa. Nafasi nilikuwa nayo, na nodi inapofuta mafaili hulazimika pia kumwaga kwenye diski kumbukumbu yake ya muda. Ukiweka kiwango kidogo mno inamwaga kila mara, kazi inakuwa ya kinyonga. Nikaiongezea na RAM kadiri laptopu ilivyoweza.

Miaka ya mwanzo ilipita mbio. Bloku nyingi za 2009 hazina kitu zaidi ya zawadi ya mchimbaji, kwa hiyo mistari ya logi ilikuwa inateremka kuliko macho yanavyoweza kusoma. Bloku ya 170, ile ya tarehe 12 Januari 2009 ambamo Satoshi alimtumia mwanaprogramu Hal Finney sarafu kumi, ilipita hata hatukuiona. Tukaingia 2012, feni ikaanza kulia. Tulipofika 2014 nikaona mstari niliokuwa nausubiri: mafaili ya mwanzo yamefutwa, lile la bloku na mwenzake lenye data za kuitengua bloku, kuanzia yenye namba sifuri. Nikafungua folda. Kweli, faili la kwanza halipo tena. Nafasi iliyokuwa inapungua tangu jioni ikasimama, ikawa inashuka kidogo na kupanda kidogo. Nilifurahi kama mtoto.

Baba yake rafiki yangu alirudi kutoka swala ya alasiri siku ya pili, akavuta kiti karibu na meza. Kabla ya kustaafu alikuwa mhasibu wa chama cha ushirika cha korosho huko kusini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mashine hii mbona unaichosha hivi? Tangu jana inalia."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye kufuta, akanikatiza. "Unafuta leja kabla mkaguzi hajaja?"

"Mkaguzi ni hii mashine yenyewe, baba. Inakagua kwanza, ndipo inafuta."

Akafikiri. "Sisi mwisho wa mwaka tulikuwa tunafunga leja, tunahamisha masalio ya wakulima kwenye leja mpya. Kazi ya kila siku inakwenda na leja mpya tu. Lakini ile ya zamani tunaifungia stoo. Mkulima akibisha, tunaitoa. Yako nani kaifungia?"

Swali hilo sijawahi kuulizwa vizuri zaidi ya hapo. Nikamwambia stoo ni kompyuta ya mwanawe, na maelfu nyingine duniani zenye diski za kutosha. Bila hizo mimi nisingepata pa kuanzia. Nodi kama yangu haiwezi kumpa mgeni bloku za kale, inatoa zile za karibuni tu.

"Basi msifute wote," akasema, na akamgeukia mwanawe: "Wewe usiguse."

Usiku umeme ulikatika. Kompyuta ya rafiki yangu na ruta vikazima papo hapo, laptopu ikabaki kwenye betri. Nilitoa amri ya kusimamisha programu kwa utaratibu, nikangoja imalize kuandika kila kitu kwenye diski ndipo nikaizima. Hapa pana tofauti ya kweli kati ya nodi yangu na yake. Orodha ya sarafu ikiharibika kwake, anaijenga upya kutoka kwenye bloku alizonazo. Ikiharibika kwangu, bloku sina. Ni kupakua tena tangu 2009. Tulikaa uani na mzee hadi umeme uliporudi. Tulipowasha, nodi iliendelea pale pale ilipoishia.

Kuanzia 2017 mwendo ulikuwa mzito, kwa sababu bloku zimejaa na miamala ni mingi. Nawaheshimu sana watu waliopinga bloku kubwa katika ugomvi wa 2015 hadi 2017 kuhusu kuongeza ukubwa wa bloku. Wangeshindwa, ukubwa wa daftari ungekuwa mara kadhaa ya ule niliokutana nao, na laptopu kama yangu isingekuwa na nafasi kwenye mazungumzo haya.

Tulifika kileleni, yaani kwenye bloku ya karibuni kabisa, siku ambazo bloku zenyewe zilikuwa zinachelewa. China ilikuwa imewafungia wachimbaji, mitambo imezimwa kwa wingi, na badala ya dakika kumi tulikuwa tunangoja ishirini, wakati mwingine zaidi. Tarehe 3 Julai ikafika bloku ya 689,472 na ugumu wa kuchimba, ambao hurekebishwa kila baada ya bloku 2,016, ukashuka kwa takriban asilimia 28, mshuko mkubwa kuliko wowote uliowahi kutokea. Laptopu yangu iliipiga hesabu hiyo yenyewe kutokana na saa za bloku 2,016 zilizotangulia. Haikuambiwa na mtu.

Mzee akataka kuona jumla. "Leja ikifungwa, mtu anapiga urari. Hapa utapigaje?"

Nikampa kanuni: bloku 210,000 za kwanza zilizaa sarafu 50 kila moja, 210,000 zilizofuata 25, kisha 12.5, na kuanzia Mei 2020 ni 6.25. Akachukua karatasi na kalkuleta yake, akaandika mistari minne kwa mwandiko wa kihasibu, nukta juu ya nukta. Milioni 10.5. Milioni 5.25. Milioni 2.625. Mstari wa nne ukatoka 371,706.25, kwa bloku 59,473. Akapiga mstari chini: 18,746,706.25.

Nami nikatoa amri ya kujumlisha orodha yote ya sarafu zisizotumika. Ilichukua dakika kadhaa. Jibu lilipotoka, tarakimu tano za mwanzo zilikuwa zile zile za karatasi, kisha pungufu kidogo.

"Pungufu ya nini?" Kalamu ikawa juu.

Tukampa maelezo. Sarafu 50 za bloku ya kwanza kabisa haziwezi kutumika. Mwaka 2010 zawadi mbili za sarafu 50 zilifutika kwa sababu miamala yake ilirudiwa ikiwa na kitambulisho kile kile. Desemba 2017, kwenye bloku ya 501,726, mchimbaji hakuchukua hata senti ya zile 12.5 alizostahili. Na kuna vijisarafu watu walivyovichoma kwa makusudi. Mzee alikuwa anaandika kila kimoja pembeni.

"Pungufu ina maelezo. Ziada je, imewahi kutokea?"

"Imewahi, baba. Tarehe 15 Agosti 2010, bloku ya 74,638. Kasoro kwenye programu ilimruhusu mtu kuzalisha sarafu zaidi ya bilioni 184 kwa muamala mmoja."

"Bilioni?"

"Bilioni. Watu waliona, wakarekebisha programu siku hiyo hiyo, na mnyororo safi ukaupita ule mchafu. Ndiyo maana nataka kujumlisha mwenyewe."

Akaikunja karatasi akaitia mfuko wa kanzu. Hakusema kitu kuhusu kununua wala kuuza, na nilimpenda kwa hilo.

Niliporudi Tanga nilishusha kiwango hadi gigabaiti mbili. Bloku ni kama 144 kwa siku, kila moja kati ya megabaiti moja na mbili, kwa hiyo bando la kawaida lilitosha kuifuata. Nilizima milango ya kupokea nodi za wageni na kuweka kikomo cha kutuma. Usiku laptopu inalala, asubuhi inachota bloku zilizoipita.

Kinachonisumbua siku hizi ni ile orodha. Kuanzia 2023 watu walipoanza kubandika picha na tokeni kwenye miamala, vijisarafu vidogo vidogo viliongezeka mno, na ndani ya muda mfupi orodha ilivuka gigabaiti kumi. Kupogoa hakuigusi, maana ndiyo kitu pekee ambacho nodi haiwezi kuishi bila hicho. Utreexo, wazo aliloliandika Tadge Dryja mwaka 2019, linataka kuibana orodha nzima iwe heshi chache zisizofika kilobaiti moja, na anayetumia sarafu alete ushahidi wake mwenyewe. Nalifuatilia kwa matumaini makubwa.

Aprili 2024, zawadi ilipopunguzwa tena kwa nusu kwenye bloku ya 840,000, mzee alinipigia simu kabla sijampigia.

"Sasa kila bloku ni ngapi?"

"3.125, baba."

"Haya. Nafungua mstari wa tano."