Mnazi wa babu unathaminiwaje?
Asubuhi ya Jumamosi hii nilikunywa chai kwa mama lishe karibu na soko la samaki la Deep Sea, hapa Tanga, wavuvi wakizungumzia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani. Mzee mmoja, ambaye hapo kila kijana humwamkia shikamoo kabla ya kuketi, aliuliza swali lisilonitoka akilini: mnazi uliopandwa na babu, ukalisha vizazi vitatu, unathaminiwa kwa kipimo gani shamba linapochukuliwa kupisha bomba?

Ibara ya 24 ya Katiba inakataza mtu kunyang'anywa mali bila fidia inayostahili, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Nayaamini maneno hayo. Lakini mwanakijiji asiyeelezwa hesabu ya mnazi wake kwa lugha anayoielewa (na hili linaniuma) hawezi kujua kama ametendewa haki au amedhulumiwa. Ningependa kila mthamini aketi barazani na wenye shamba, awasomee bei mstari kwa mstari, na ajibu maswali yao yote kabla ya kuomba sahihi.