Msimu haukunisubiri Fresselines

Mei 1889, mchoraji Mfaransa Claude Monet alilipa ili mwaloni mmoja unyofolewe majani. Alikuwa ameanza kuuchora ukiwa bado mtupu, matawi yamejikunja juu ya mto. Kisha mvua zikamkatisha kazi, maji yakawa yanapanda na kushuka na kubadilika rangi kila kukicha, na hali ya hewa ilipotulia mti ulikuwa umeshachipua. Akamwahidi mwenye ardhi faranga 50. Ruhusa ikatoka, ngazi ndefu zikateremshwa bondeni kwa taabu, watu wawili wakapanda wakaunyonyoa ule mwaloni, na Monet akamaliza picha yake ya majira ya baridi wakati bonde zima limeshakuwa la kijani.

Kisa hiki nilisimuliwa mezani, siku za mwanzo za makazi yangu ya kisanii, yaani programu inayompa msanii mahali pa kukaa na kufanya kazi kwa muda, hapo hapo Fresselines, kijiji cha mkoa wa Creuse katikati ya Ufaransa. Wenzangu walicheka sana. Mimi nilinyamaza, maana nilikuwa nimetoka mtoni mchana ule na vichipukizi nilikuwa nimeviona.

Creuse si Ufaransa ya kadi za posta. Unapanda treni kituo cha Austerlitz, Paris, unashuka La Souterraine baada ya saa tatu hivi, na kuanzia hapo bila gari hufiki popote. Ni miongoni mwa mikoa yenye watu wachache kabisa nchini. Nyumba ni za mawe ya graniti, kuta nene, madirisha madogo, na mara nyingi nilipita kijiji kizima nikakutana na paka tu. Karne ya 19 wanaume wa huku walikuwa waashi. Kila majira ya kuchipua walikwenda Paris kwa maelfu kujenga, baridi ikianza wanarudi. Paris ile ya mawe ambayo watu huvuka bahari kwenda kuipiga picha, sehemu kubwa imepita mikononi mwa watu wa vijiji hivi. Nilipolijua hilo nikaanza kuzitazama kuta za studio yetu kwa heshima nyingine.

Studio yenyewe ilikuwa ghala la zamani la nyasi kavu. Jiko la kuni kwenye kona, meza ndefu, na dirisha kubwa lililotobolewa upande wa kaskazini. Wachoraji wa Ulaya hupenda nuru ya kaskazini kwa sababu jua haliingii moja kwa moja, kwa hiyo vivuli havihamihami na rangi uliyoichanganya asubuhi inabaki ile ile mchana. Tulikuwa wachache: mfumaji kutoka Ureno, kijana wa Ubelgiji anayerekodi sauti, mimi na rangi zangu za maji. Jioni tunakula pamoja. Mwenyeji wetu alikuwa akitupikia pai ya viazi ya huko, unga juu, unga chini, krimu inamwagwa katikati ikiwa bado ya moto. Baada ya siku nzima kwenye ubaridi wa mto, chakula kile kilikuwa kinaturudisha uhai.

Kila asubuhi nilishuka hadi pale mto Petite Creuse unapoungana na Creuse. Njia ni ya mteremko mkali, mizizi na majani yaliyooza, na ukifika chini unasikia maji kabla hujayaona. Hapo ndipo Monet aliposimama. Alichora picha nyingi kutoka mahali pamoja: asubuhi, mchana, jua likizama, mawingu. Kwa jumla alitoka bondeni na picha zaidi ya 20, na wanahistoria wengi wa sanaa huzitazama kama mwanzo wa kazi zake za mfululizo, kabla ya marundo ya nafaka ya 1890 na 1891, kabla ya kanisa kuu la Rouen. Ukisimama pale unaelewa kwa nini. Mwamba upo, kilima kipo, havisogei. Lakini maji yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea, wingu likipita yanakuwa meusi, wingu likiondoka mwamba wa ng'ambo unawaka madoa ya manjano na kijivu yaliyoota juu yake, na yote hayo yametokea kabla brashi haijakauka.

Na kwenye baridi brashi haikauki. Rangi ya maji ukiipaka Machi huko, karatasi inabaki na unyevu kama umeipaka sekunde hiyo. Unaweka buluu, unasubiri, unapuliza, unasubiri tena, ukigusa kijani kando yake vinaingiliana vyenyewe. Kwangu ilikuwa zawadi. Siku moja niliweka rangi ya kahawia ya mwamba juu ya maji ambayo hayajakauka, ikateremka taratibu, ikatawanyika, ikasimama kwa namna ambayo mkono wangu usingeweza kuipanga. Ulikuwa mwamba ule ule, umesimama ndani ya mto ule ule. Nilikaa juu ya jiwe nikiitazama karatasi mpaka vidole vikafa ganzi.

Kilichonishika zaidi, hata hivyo, ni urefu wa siku. Mimi nimezaliwa karibu na ikweta, jua letu halina mchezo, linatoka saa kumi na mbili na linazama saa kumi na mbili. Nilipofika Creuse mwanzoni mwa Machi giza lilikuwa linaingia kwenye saa moja jioni. Kufika Mei, saa tatu usiku nilikuwa bado natofautisha kijani na buluu kwenye kibao changu bila kuwasha taa. Siku inaongezeka dakika tatu hivi, kesho tatu nyingine. Huzihisi. Lakini kivuli cha ukuta wa ghala kilichokuwa kikigusa ndoo ya maji wakati wa chakula cha mchana, wiki iliyofuata hakiigusi, na iliyofuata hata hakiisogelei. Nilikuwa nimekuja kuchora mandhari na badala yake nikajikuta natembea nikitazama vivuli chini.

Mfumaji ndiye aliyetupeleka Aubusson. Mji huo, juu zaidi kwenye mto huo huo wa Creuse, umefuma mazulia ya ukutani kwa zaidi ya karne tano, na 2009 UNESCO iliuingiza ufumaji wake kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Kuna makumbusho makubwa yaliyofunguliwa 2016, Cité internationale de la tapisserie. Sufu ya huko ilioshwa na kutiwa rangi kwa maji ya mto ule ule ninaochovya brashi yangu. Niliyapitia mazulia ya kale haraka kidogo, naomba radhi kwa wanaoyapenda, kwa sababu nilikuwa nimeshaona kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia, na fundi amekaa mbele yake.

Nieleze nilichokiona. Mtande, yaani nyuzi za urefu, umelala mlalo, nyuzi zimebana. Chini yake umewekwa mchoro wa ukubwa kamili wa kazi. Fundi anakanyaga vikanyagio, nyuzi zinaachana, anapitisha mshindio, uzi wa kukatiza, kwa kijiti kidogo, anasukuma kwa kucha, kisha kwa kitana. Anafuma kwa upande wa nyuma. Upande wa mbele, ule watakaoutazama watu, unatazama chini, na akitaka kuuona anapenyeza kioo kidogo chini ya nyuzi, anachungulia sehemu ndogo kama kiganja, anaendelea. Kilichokwisha kufumwa kinazungushwa kwenye gogo na kupotea. Mtu mmoja hufuma takriban mita moja ya mraba kwa mwezi. Kwa hiyo zulia kubwa anaishi nalo mwaka au zaidi bila kuliona zima, mpaka siku ya kukata nyuzi, na siku hiyo watu huitwa, ni sherehe.

Nilimuuliza kupitia kwa mwenzangu: hapati hofu? Akajibu kwamba anakijua kipande kilicho mbele yake. Akarudi kwenye kazi.

Usiku ule sikulala vizuri, na ilikuwa kwa furaha. Asubuhi nilichukua ile karatasi nzito ya pamba niliyokuja nayo, ya roli, nikaichorea mstari wa penseli kila baada ya upana wa vidole vinne. Mpango ukawa huu: kila asubuhi, jiwe lile lile, mto ule ule, ukanda mmoja tu. Kando ya ukanda wa jana. Halafu naukunja. Sirudi nyuma kuangalia, sirekebishi, silinganishi. Kama mvua inanyesha, mvua iingie kwenye karatasi. Mti ukichipua, uchipue.

Hapo ndipo ule mwaloni wa Monet ulinirudia akilini. Sisemi alikosea. Alikuwa na turubai nyingi zinazomsubiri, mikono imepasuka kwa baridi, na picha aliyoitoa ni nzuri mno. Ila mimi nilikuwa nimepewa kitu ambacho sikutaka kukinyonyoa. Nilitaka majani yanikute.

Siku moja tulikwenda Crozant, kwenye magofu ya ngome yaliyosimama juu ya genge. Armand Guillaumin alichora hapo kwa miaka mingi. Alikuwa mfanyakazi wa mji wa Paris, akichora kwa muda wa kuiba, hadi 1891 aliposhinda bahati nasibu ya faranga 100,000, akaacha kazi na kuhamishia moyo wake kwenye bonde hili. Nilitafuta mto wake na sikuuona. Bwawa la umeme la Éguzon lilikamilika 1926 na maji yakapanda. Mawe, vinu na mikondo aliyoichora viko chini ya ziwa tulivu. Guillaumin alifariki 1927. Kijana wa sauti aliteremsha maikrofoni yake ya majini, akanivalisha spika za masikioni. Kimya kizito. Tuliporudi Fresselines akaiteremsha tena kwenye mto ulio hai, na nikasikia mawe madogo yakigongana chini ya maji, kwi, kwi, kwi, bila kupumzika. Ukanda wa kesho yake niliuchora kwa mkono wenye haraka zaidi, vidoti vingi. Ukiutazama hutajua ni mawe, lakini mimi najua.

Nawaambia wachoraji wenzangu wanaoniuliza kuhusu programu hizi: tazameni muda kabla ya kutazama picha za nyumba. Zipo zinazokuita wiki mbili, zinataka maonyesho mwishoni, hotuba kwa wanafunzi katikati, na picha za mtandaoni kila siku. Hiyo ni kazi ya mkataba, na waiite hivyo. Mahali kama bonde la Creuse hakusemi nawe wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza unaona uzuri tu, na uzuri huo kila mtu anauona, hata aliyepita kwa gari. Omba miezi. Kama hawana miezi, omba waitunze barua yako hadi watakapokuwa nayo.

Mwisho wa makazi ilikuwa desturi ya nyumba ile kufungua milango kwa majirani. Mwenyeji alitaka roli yangu ikatwe vipande viwili itoshe ukutani. Nilikataa kabisa. Tukaipitisha kwenye kona, ikapita ukuta wa pili, ikaishia karibu na mlango, na nilipokuwa naikunjua ndivyo nilivyokuwa naiona kwa mara ya kwanza, pamoja na wageni. Mwanzoni mti ni mistari mieusi. Kisha kuna ukungu mwekundu kwenye ncha za matawi, ambao sikumbuki kuuchora kwa kukusudia. Kisha manjano, kisha kijani chembamba, kisha ghafla, ndani ya kanda tatu nne, mto wenyewe unafichwa na majani na kazi inakuwa nzito na yenye giza katikati ya Mei.

Mama jirani, mfugaji wa ng'ombe wekundu wa Limousin, alikuja na viatu vyake vya mpira. Alianza mlangoni, akaenda kinyumenyume, kutoka majani hadi baridi, polepole, mikono mgongoni. Alisimama kwenye ukanda mmoja wa Aprili, wa kahawia tupu kutoka juu hadi chini.

"Hii ni siku maji yalipofika kwenye ua wangu," alisema.

"Ndiyo, Madame."

"Asubuhi. Mchana yalikuwa yameanza kupungua."

Kisha akanionyesha ukanda wa pembeni na kuniuliza kwa nini anga lina waridi wakati mvua ilikuwa bado inanyesha. Nikamwambia lilikuwa hivyo. Akafikiri, akakubali, na akakaa nami karibu saa nzima akinisomea karatasi yangu mwenyewe: hapa ndama alizaliwa, hapa upepo uliangusha mti wa barabarani, hapa alisikia ndege kekuu wa kwanza. Alijua miezi ile kuliko mimi. Nilichukua penseli na, kwa ruhusa yake, nikaandika maneno yake nyuma ya kila ukanda, upande ambao hautaonekana ukining'inizwa.

Nimeomba kurudi Septemba, wakati miteremko ya Crozant ina vichaka vya maua ya zambarau. Nimewaambia nitachora jioni safari hii, kwa sababu siku zitakuwa zinafupika, na nataka kuona mkono wangu utafanya nini nuru ikiwa inapungua kila siku.