Siku Moja Maishani Mwangu: Nyuma ya Kaunta ya Wiski za Japani na Marekani

Saa nane mchana. Mlango bado umefungwa, nami nanusa glasi tupu. Glasi ikikaa kabatini hushika harufu ya mbao na vumbi, na wiski nzuri haistahili kuanza safari yake hivyo. Nazisuuza kwa maji ya moto, nazipangusa, nazinusa tena. Zetu ni zile fupi zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, ili harufu ikusanyike juu badala ya kutawanyika.

Saa tisa. Naonja chupa zote zitakazotumika jioni. Wakati huu pua yangu iko macho, maana sijala kitu kizito. Natia kiasi cha kijiko, nazungusha mdomoni, natema. Chupa iliyobaki robo huwa imeingiwa na hewa nyingi na ladha yake hufifia taratibu, kwa hiyo nikiona imechoka naiondoa kwenye orodha hata kama ni ya bei kubwa.

Saa kumi na moja napanga mfuatano. Wengi hupanga kwa bei, chupa ghali mwisho, nami napinga utaratibu huo kila nikipata nafasi. Mimi huangalia mbao za pipa. Sheria ya Marekani inataka bourbon, wiski maarufu ya huko, iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa ndani, na iingie humo ikiwa na kilevi kisichozidi asilimia 62.5. Mwaloni mpya uliochomwa hutoa vanila na karameli kwa nguvu sana. Ukianza nayo, ulimi umeshachukuliwa. Wiski ya Kijapani itakayofuata, ambayo mara nyingi imelala kwenye mbao zilizokwisha kutumika, utaiona kama maji. Ndiyo maana Japani hutangulia.

Saa moja usiku wageni wameketi. Kaka mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, anatangaza kabla sijamimina: "Mimi za Marekani hapana. Zinachoma koo." Namwekea yeye glasi mbili, nje ya mfuatano wangu, bila kumwambia kilichomo.

Ya kwanza ni Nikka Coffey Grain ya Japani, ya pili ni Maker's Mark, bourbon ya Marekani. Zote zina kilevi asilimia 45, na zote nafaka yake kuu ni mahindi. Hapa ndipo napenda watu wachukue muda wao. Ya Nikka imekenekwa kwenye mtambo wa mnara wa aina ya Coffey na kukaa kwenye mapipa yaliyokwisha kutumika. Inakuja laini, ina utamu wa matunda, inaondoka bila kelele. Maker's Mark hutumia ngano mahali ambapo bourbon nyingi hutumia rai, nafaka ya jamii ya ngano, lakini pipa lake ni jipya. Namwomba kaka aongeze matone matatu ya maji kwenye glasi ya pili na kuishika kwenye mwanga. Vijinyuzi kama vya mafuta vinajizungusha ndani ya kinywaji kisha vinapotea. Ananusa tena na kunyamaza kidogo. "Hii ya pili imefunguka," anasema. Ukali aliokuwa akiulaumu ulikuwa ni kilevi kupanda puani, na maji kidogo yameutuliza.

Saa mbili. Wageni wote wanapata Yamazaki ya miaka 12, wiski ya Japani. Kiwanda cha Yamazaki kilianzishwa na Shinjiro Torii mwaka 1923, naye alimwajiri Masataka Taketsuru, aliyekwenda Uskoti mwaka 1918 kujifunza kazi hii na kurudi mwaka 1920 akiwa na mke wa huko, Rita. Mwaka 1934 Taketsuru alianzisha kiwanda chake Yoichi, kaskazini kule Hokkaido, mahali ambapo mitungi ya shaba ya kukenekea huchomwa kwa makaa ya mawe hadi leo. Nawapa Yoichi mara baada ya Yamazaki, na moshi wake hauhitaji maelezo.

Dada mmoja anauliza ile harufu ya udi na msandali ndani ya Yamazaki inatoka wapi. Swali zuri! Ni mizunara, mwaloni wa Kijapani. Walianza kuutumia wakati wa vita, mbao za nje zilipokuwa adimu. Ni mti msumbufu, hupitisha kinywaji, na mapipa yake huvuja. Harufu yake, hata hivyo, sijaikuta kwenye mbao nyingine.

Saa tatu na nusu tunahamia Rittenhouse, wiski ya rai, asilimia 50. Ni ya daraja lililowekwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1897: kiwanda kimoja, msimu mmoja, miaka isiyopungua 4 ghalani. Pilipili manga, ngozi ya chungwa, ukavu. Kaka yetu anaomba nyongeza.

Saa nne mjadala ni wa lebo. Chama cha watengenezaji wa Japani kiliweka kanuni za wiski kuitwa ya Kijapani, zilizoanza Aprili 2021: maji ya Japani, kukenekwa huko, kukaa kwenye pipa la mbao huko kwa miaka 3 au zaidi, kutiwa chupani huko. Nikka wenyewe wamesema wazi kwamba wiski yao From The Barrel haitimizi kanuni hizo. Mimi bado naiuza na naipenda, ila mteja namweleza kabla hajalipa. Hiyo ni haki yake.

Saa sita kasoro. Nafuta kaunta, nahesabu chupa. Mlangoni dada ananiuliza anunue ipi kwanza kwa ajili ya nyumbani. Namwambia aanze na bourbon ya bei ya kawaida na glasi nzuri, aizoee pamoja na maji na bila maji, halafu arudi kwenye Yamazaki.