Hiace Nimeiuza, Baba

Leo ni siku ya tisa tangu nirudi Mwanza, na bado nikiamka alfajiri mkono wangu unapapasa ukutani ukitafuta mpini wa mlango. Miezi sita nimelala ndani ya Toyota Hiace. Kitanda cha mbao, chini yake maboksi ya vyombo, nyuma jiko dogo la gesi, na dirishani kanga ya mama niliyoigeuza pazia. Gari hilo nililiuza Melbourne mwezi uliopita. Kila anayekuja kunisabahi hapa Igoma anauliza habari za Australia, nami namjibu habari za kangaruu na baridi. Lakini kilichonikaa moyoni ni lile gari, na baba.

Baba ameendesha vipanya, yaani daladala za Hiace, zaidi ya miaka ishirini. Nimekua nikimsikia akirudi usiku: kwanza mlango wa pembeni unaburuzwa, halafu hesabu ya tajiri inapangwa mezani, noti kwa noti, halafu kimya. Si mtu wa maneno. Nilipoondoka Februari 2023 kwenda kusoma shahada ya uzamili, simu zetu zilikuwa za dakika mbili. Shikamoo baba. Marahaba, mzima? Mzima. Chuo? Kinaendelea. Haya, ongea na mama yako. Nilikuwa nakata simu nikiwa na kiu kuliko kabla sijapiga.

Masomo yalipokwisha nikaamua kuizunguka ile nchi kabla ya kurudi. Kule wasafiri wengi hununua gari lenye kitanda, wakalizungusha, na mwisho wa safari wakamuuzia msafiri mwingine. Niliangalia magari kumi na moja. Nililosimama mbele yake muda mrefu lilikuwa Hiace ya mwaka 1999, dizeli, injini aina ya 5L, limetembea kilomita 312,000. Nikainua kiti cha mbele, nikapiga picha injini, nikamtumia baba. Akapiga simu yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama, washa nisikie."

Nikaisogeza simu karibu na injini. Akasikiliza muda mrefu bila neno.

"Zima. Washa tena. Kanyaga kidogo. Haya, nunua. Ila mkanda wa taimingi badilisha kesho. Usingoje."

Tangu siku hiyo tukawa na la kuongea.

Sitaisimulia safari yote. Kipande kinachonijia kila mara ni barabara inayoitwa Stuart Highway, kutoka Port Augusta kusini mpaka Darwin kaskazini, kama kilomita 2,700. Ni zaidi ya kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam na kurudi, na sehemu kubwa ni jangwa jekundu. Mtandao unakata siku nzima. Kwa hiyo nilikuwa narekodi muungurumo wa injini njiani, nikifika kwenye kituo cha mafuta chenye mtandao namtumia. Nikisharudi upande wa mashariki, saa mbili usiku kwangu ilikuwa saa saba mchana kwake, na mama anasema alikuwa anaacha ugali unapoa, simu iko sikioni, amefumba macho.

Nilimtumia video ya malori yao ya jangwani, kichwa kimoja kinavuta matela matatu, urefu unapita mita 50. Akaniuliza breki zinashikaje, na mtu anayapitaje. Nikamwambia huyapiti mpaka uone mbele kweupe kabisa, na jua likizama unaegesha, maana kangaruu wanaingia barabarani. Akasema vizuri, wana adabu ya barabara.

Klachi ilipoanza kuteleza karibu na Alice Springs, alinielekeza namna ya kuibembeleza mpaka nifike mjini kwa fundi. Tulipomaliza hakukata simu. Akaanza kunisimulia mwaka aliokodiwa kupeleka watu msibani Sengerema, wakakwama kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo mpaka usiku, na mama mmoja akajifungua ndani ya gari. Akina mama walimsaidia, baba alishika tochi huku amegeuza uso. Nina miaka ishirini na tisa. Nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo, na mama naye hakuwa anaijua.

Darwin nilinunua samaki wao anayeitwa barramundi. Nilipomgeuza pale kwenye barafu nikashtuka: kipaji cha uso kilichobonyea, mdomo ule, mgongo ule. Baadaye nikasoma kwamba yeye na sangara wetu ni jenasi moja, Lates. Nikakaanga kipande kando ya gari, kitunguu na ndimu, nikamtumia baba picha. Akajibu kwa sauti, akitaja soko letu la samaki: "Huyo ni wa Mwaloni, amepotea njia." Nililia kidogo, peke yangu, sufuria mkononi.

Kuuza ndiko kulikokuwa kugumu. Jimbo la Victoria, uliko mji wa Melbourne, gari likiuzwa pamoja na namba zake, lazima liwe na cheti cha ukaguzi kwamba linafaa barabarani. Mkaguzi alikataa mara ya kwanza: tairi moja limeisha na bushi za mbele zimekufa. Bushi baba alikwisha kuniambia tangu nikiwa Queensland, nami nikawa naahirisha kwa sababu ya fedha. Nikalipia, nikapata cheti, nikaweka tangazo. Wakaja vijana wawili kutoka Ufaransa, mtu na mchumba wake, wakalipenda palepale.

Usiku wa mwisho nililala humo bila kupata usingizi. Sikuwa nawaza bei, walilipa vizuri. Nilikuwa nawaza kwamba nikishalikabidhi, nitarudi nyumbani kwa mtu wa dakika mbili. Tutakaa sebuleni tuulizane mzima, mzima, halafu?

Asubuhi niliwaonyesha kila kitu. Mlango wa pembeni uliwashinda. Nikamwonyesha yule binti: usiusukume hivi hivi, uinue kidogo kwa bega kwanza, ndipo uuvute, kama anavyofanya konda wa njia ya Kisesa. Akajaribu mara tatu, ya nne ukafunga kwa ule mlio wake. Ule mlio nimeusikia maisha yangu yote. Nikachukua kanga ya mama, nikawapa funguo zote mbili. Walipokata kona nilimpigia baba. "Hiace nimeiuza, baba." Akanyamaza. Kisha akauliza: "Wanajua kuangalia maji ya rejeta?" Nikamwambia nimewafundisha. "Haya. Rudi nyumbani sasa."

Jana tulikwenda kwa bibi Sengerema. Nilipoondoka nguzo za daraja la Kigongo–Busisi zilikuwa bado zinasimamishwa majini, nasi tulikuwa tunavuka na kivuko. Daraja lilifunguliwa Juni 2025 nikiwa mbali. Stendi ya Nyegezi tulikuta Hiace inaita abiria. Konda alimtambua baba, akampa shikamoo na siti za mbele. Joto la injini likaanza kupanda kupitia kiti, joto lile lile, nikaifunga kanga miguuni.

Tumepita Usagara nikasikia kitu. Mlio mdogo chini ya muungurumo, kama mtu anayegonga kijiko kwenye bilauri, unakuja dereva akikanyaga na kupotea akiachia. Nikanyamaza, gari si langu. Tukaingia darajani, kilomita 3 za lami juu ya ziwa, maji meupe kwa jua pande zote mbili. Nilidhani baba anaangalia maji. Akaniinamia sikioni, dereva asisikie.

"Umesikia?"

"Nozeli ya dizeli."

"Ya ngapi?"

Nikabahatisha ya tatu. Akatikisa kichwa.

"Ya pili. Sikiliza tena."

Tukasikiliza wote wawili mpaka Busisi.